Linki sio makala: ninavyosevu na kushea vya kusoma na watu wangu

Mimi ni mkutubi, miaka kumi na kitu sasa natunza magazeti ya zamani na siku hizi faili za mtandaoni, kwahiyo watu wangu wa karibu wakipoteza makala wananitafuta mimi. Mwezi jana rafiki yangu wa Tabora akaniuliza, "dada, ile ya babu fundi wa reli bado unayo? Ile uliyotuwekea kwenye grupu kitambo." Nikapandisha juu meseji weee mpaka 2016, linki ipo, nikabonyeza, ikafunguka tovuti ya kubeti. Mwenye blogu alishaacha kulipia jina la tovuti yake, watu wengine wakalinunua, na mahojiano yote ya yule mzee na picha zake za karakana yakaondoka hivyohivyo.

Hili linaniuma kweli. Tukituma linki tunajiona tumetuma makala, kumbe tumetuma maelekezo ya nyumba tu na mwenye nyumba akihama hakuagi. Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, walipima wakatoa ripoti 2024: kurasa zilizokuwepo 2013, asilimia 38 hazifunguki tena baada ya miaka 10. Na kwa Kiswahili mimi naona ni zaidi ya hapo, maana vitu vyetu vingi vizuri viliandikwa na mtu mmoja mmoja kwenye blogu yake, na wa Tanzania mnakumbuka 2018 zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, leseni shilingi 1,000,000 na ada ya mwaka juu yake, blogu kibao zikazimwa.

Sasa wengi wanakimbilia app za kusevu. Sio mbaya, Instapaper ipo tangu 2008 na bado inafanya kazi, ila msiweke mayai yote humo. Pocket ilianza 2007 ikiitwa Read It Later, Mozilla, wale wenye Firefox, wakainunua 2017, tarehe 8 Julai 2025 ikafungwa. Watu waliruhusiwa kutoa vitu vyao lakini faili lililotoka lilikuwa na linki na vichwa vya habari, maneno yenyewe ya makala hayamo! Mtu kasevu miaka kumi anabaki na orodha ya linki, na nyingine zimeshakufa.

Kwahiyo mimi nikipenda makala naisevu yenyewe, hapohapo, kabla sijamtumia mtu. Kwenye Chrome ya simu nabonyeza nukta tatu, Shiriki, alafu Chapisha, pale juu kwenye printa nachagua Hifadhi kama PDF, basi. Kama peji imejaa matangazo naifungua kwanza kwenye Firefox, kwenye kisanduku cha anwani kinatokea kialama cha karatasi, ukikibonyeza makorokoro yote yanaondoka yanabaki maandishi na picha zake, hapo unasoma mpaka mwisho bila kusumbuliwa. Faili naliita jina linaloanza na mwaka, kwa mfano 2016-fundi-reli-tabora, maana simu ikiliita yenyewe linakuja na jina la ajabuajabu na baada ya miezi miwili hulipati tena.

PDF ina faida nyingine ambayo watu wa ofisini wenye waifai hawaioni. Kwenye grupu letu kuna wanaoweka bando la WhatsApp peke yake. Kwa hao linki ni picha tu, wanaona kichwa cha habari na kapicha, wakibonyeza hakifunguki kitu, alafu wanaona aibu kusema, wanaweka dole gumba yanaisha. PDF wanaipakua humohumo kwenye WhatsApp na wanasoma. Nilipoanza kutuma PDF ndo nikagundua nani alikuwa hasomi kwa kutotaka na nani alikuwa hasomi kwa kutoweza, na kwa kweli wa pili walikuwa wengi.

Linki nayo natuma, iende pamoja, ila naisafisha. Ukikopi kutoka Facebook utaona mwishoni kuna ?fbclid= na mkia mrefu wa herufi, mkia wote huo kuanzia alama ya kuuliza futa, makala itafunguka vilevile. Angalizo moja tu, blogu nyingine makala yake inajulikana kwa ?p= na namba, hiyo usiiguse, ukiikata utampeleka mwenzio ukurasa wa mbele aanze kutafuta.

Chini ya linki naandika mistari miwili ya kwangu: nani kaandika, lini, na kwanini nimemkumbuka huyo ninayemtumia. "Shem, hii ya mahindi, angalia aya ya nne wanaongelea viwavijeshi kama wale wa shambani kwako." Mtu akiona umemfikiria yeye anasoma. Ukifowadi kavukavu kwa watu thelathini hamna anayesoma.

Ya mwisho ni Wayback Machine ya Internet Archive, yaani maktaba ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa za tovuti, na hii natamani kila mtu aijue. Unaingia web.archive.org, kuna kisanduku cha kusevu ukurasa, unabandika linki, unasubiri kidogo, unapewa linki mpya yenye tarakimu 14 katikati, ni mwaka, mwezi, tarehe, saa, dakika na sekunde ya siku ulipoisevu. Ni bure. Posti za Facebook na Instagram inazishika kwa shida, lakini blogu na magazeti inayaweza vizuri.

Kuhusu haki za mwandishi mimi msimamo wangu ni huu: PDF yangu inaishia kwa rafiki zangu, siipandishi kwenye chaneli ya watu wote, jina la mwandishi silifuti, na kama gazeti linauzwa tunalinunua.

Yule fundi wa reli nilimpata hukohuko Wayback, kuna mtu alimsevu Machi 2016. Picha mbili hazikutoka ila maneno yote yapo. Nimetoa PDF nikamtumia rafiki yangu wa Tabora, kaniambia kaenda kuiprinti kurasa 11 stesheneri ya pale mjini, anampelekea mjukuu wa mzee Jumapili.