Kivuli kisichofutika kwenye kioo cha simu

Kijana wa bodaboda alinijia kibandani Ngamiani, kapandisha hasira. "Fundi, nimeifuta hadi kwa spiriti, haitoki." Nikafungua picha ya kijivu tupu. Juu palionekana kisanduku cha kutafutia cha ramani, chini vile vitufe vitatu, vyote hafifu kama alama ya sufuria ya moto juu ya meza ya mbao. Simu yake hushinda imebanwa kwenye usukani, jua la Tanga likiipiga, ramani iko wazi na mwanga umepandishwa mpaka mwisho.

Yeye aliamini ni uchafu, au maji yameingia. Wengi huamini hivyo. Ukweli ni kwamba kwenye kioo cha aina ya OLED, kama hicho chake, kila kitone cha picha hutoa mwanga wake chenyewe, na kadiri kinavyowaka ndivyo kinavyochakaa. Panapokaa kitu kilekile kutwa, vitone vya hapo huzeeka kuliko jirani zao. Vya bluu ndivyo vinavyotangulia kuchoka, kwa hiyo sehemu iliyoungua mara nyingi huelekea unjano. Hapo spiriti itafuta nini?

Halafu kuna wanaowasha usiku kucha zile video za rangi zinazopepesa, wakiambiwa zinaponya. Kwenye vioo vya LCD, vile vinavyomulikwa na taa ya nyuma, kivuli kwa kawaida ni cha muda, ukiipumzisha simu kinaondoka, na pengine ndiko sifa ya video hizo ilikotoka. Kwenye OLED kitone kilichochakaa hakirudi ujana. Video inavichosha vile vilivyobaki ili vifanane nacho. Goti moja la suruali limepauka, wewe unaketi kusugua la pili!

"Basi nitanunua ya bei mbaya." Nunua, lakini si kwa sababu hiyo. Apple walianza kutumia OLED kwenye simu zao na iPhone X, mwaka 2017, na wenyewe wanawaambia wateja kwamba kioo kikitumika muda mrefu kinaweza kubaki na alama hafifu. Protekta nayo ni ya mikwaruzo tu.

Saa inayobaki imewaka kwenye kioo kilichofungwa inasingiziwa mno. Simu nyingi huisogeza kidogo kidogo, mwanga wake ni mdogo, na weusi unaoizunguka ni vitone vilivyozimwa kabisa. Ndiyo maana hata mandhari nyeusi inasaidia, ingawa alama nyeupe iliyoganda juu yake bado itachakaza pale ilipo. Mimi ningeogopa zaidi mwanga mkali na joto.

Nikamwekea mwanga ujirekebishe wenyewe, kioo kizime baada ya sekunde 30, vitufe vya chini nikavitoa ili atumie kutelezesha kidole. Kuhusu ramani tulibishana. Nilimwambia aache sauti imwelekeze huku kioo kimezima, na akipumzika aiweke kivulini. Na njia anayoijua, ramani ya nini? Kutoka Ngamiani kwenda Raskazone, mzaliwa wa hapa!

Akauliza bei ya kioo kipya. Nilipomtajia alicheka, akaichukua simu yake na kivuli chake, akaitia mfukoni na kupiga kiki.