Maji ya Mvua Uani: Mtaro Huanzia Mwisho Wake

Katika vijiji vya Muheza, Pangani na Mkinga, mkoani Tanga, mtu akisema kuwa mvua zimemharibia nyumba, mara nyingi hazungumzii mto uliofurika. Mvua kubwa za vuli ya mwaka 2019, zilizovunja madaraja na kukata barabara upande wa Handeni na Korogwe, bado zinakumbukwa, lakini hasara ya kila mwaka, ile isiyotangazwa redioni, hutokana na maji yaliyoanguka juu ya bati la mwenye nyumba mwenyewe, yakashuka penye msingi, yakakosa pa kwenda. Ukuta wa kukandika huanza kumomonyoka kwa chini, shimo la choo hujaa, maji ya kisima hubadilika rangi, na baada ya wiki mbili tatu watoto wanapelekwa zahanati wakiwa na homa. Sisi maafisa afya mazingira tunapoitwa, huwa tunaonyeshwa ufa ukutani. Ni mara chache tunaonyeshwa yanakoishia maji.

Ukubwa wa jambo lenyewe hauonekani mpaka upigiwe hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 8 kwa mita 10 lina mita za mraba 80, kwa hiyo mvua ya milimita 50, ambayo katika masika ya pwani huweza kunyesha kwa siku moja tu, hushusha lita 4,000, yaani ndoo 200 za lita 20. Hakuna mwenye nyumba atakayekubali jirani aje amwage ndoo 200 kwenye msingi wake, lakini paa lisilo na gata wala mtaro hufanya hivyo hivyo, na hulifanya tena kesho yake.

Watu wengi huchimba mtaro kuanzia nyumbani kwenda mbele, wakasimama pale nguvu zilipoishia au mpaka wa kiwanja ulipofika. Huo si mtaro, ni tatizo lililohamishwa. Kazi ianze kwa kuchagua mwisho: korongo la asili, eneo lenye majani mengi lililo chini ya nyumba, shamba la migomba, au shimo la kunyonya maji. Njia ya watu, barabara, kisima na uwanja wa jirani si miisho ya mtaro. Njia nzuri ya kuchagua ni kutoka nje mvua inaponyesha, ukiwa na vijiti vichache, ukachomeka kijiti kila mahali maji yanapogeuka au kutuama. Jua likitoka, ramani utakuwa nayo uani.

Aina ya udongo ndiyo inayoamua mengi, na katika mkoa huu udongo hubadilika ndani ya mwendo mfupi. Mchanga wa karibu na bahari hunywa maji haraka, udongo mwekundu wa vilimani hunywa kiasi lakini ukiachwa wazi huchukuliwa na maji, na ule mweusi wa mabondeni hujaa kisha hukataa kabisa. Kabla ya kuchimba shimo la kunyonya maji, fanya jaribio dogo. Chimba kishimo chenye upana na kina cha sentimita 30, kijaze maji yanywewe ili udongo ulowe, kisha kijaze mara ya pili. Maji yakitoweka ndani ya saa chache, shimo la mita 1 kwa upana na kina cha mita 1 na nusu, lililojazwa mawe au vipande vya matofali na kuwekwa umbali wa mita 5 au zaidi kutoka kwenye msingi, litakufaa. Yakilala mpaka asubuhi, usipoteze nguvu zako. Hapo patakuwa bwawa.

Mteremko wa mtaro nao hauhitaji vifaa vya gharama. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukijazwa maji na ncha zake kufungwa kwenye vijiti viwili, utakuonyesha usawa kwa uhakika kuliko jicho. Kwa kila mita 10 mtaro ushuke kati ya sentimita 10 na 20. Ukishuka pungufu ya hapo, mchanga hutua na kuuziba. Ukishuka sana, maji huchimba, na baada ya misimu michache unakuwa na korongo mlangoni. Penye mteremko mkali, kama vijiji vilivyo chini ya milima ya Usambara, panga mawe kukatiza mtaro kila baada ya mita chache ili kupunguza kasi, na kingo zake zipandwe matete, majani ya tembo au nyasi za vetiva.

Penye nyumba yenyewe, ardhi inayozunguka msingi iinuliwe na kushindiliwa ili ishuke angalau sentimita 15 katika mita 3 za mwanzo. Baraza iliyoinuliwa na upenu mrefu, vitu ambavyo wazee wa pwani walivijenga bila kufundishwa na ofisi yoyote, bado ni kinga bora ya ukuta wa udongo kuliko plasta nyembamba ya saruji, ambayo hupasuka, ikaingiza maji nyuma yake na kuyafungia humo. Mwenye bati na aweke gata, hata upande mmoja tu, na tangi lenye mfuniko na wavu. Maji ya dakika za mwanzo za mvua yaachwe yapite, kwa kuwa yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Mvua ni nusu tu ya habari, kwani maji ya kila siku hayangoji masika. Maji ya kuoshea vyombo, ya kufulia na ya bafuni yakimwagwa mahali pamoja kila siku huacha tope la kudumu hata mwezi wa Februari, na pale ndipo bata na kuku wanaposhinda, na watoto nao. Chagua mahali pamoja pa kufulia na kuoshea, paweke mawe au sakafu ndogo yenye ukingo, kisha pitisha maji kwenye kimtaro kifupi mpaka kwenye shimo lililojazwa majani makavu na kuzungukwa na migomba. Mgomba unapenda maji na hauudhiwi na sabuni ya kawaida. Mchungwa hauwi hivyo: mizizi yake ikikaa majini kwa muda huoza, na wakulima wa Muheza wanaufahamu mti unaoanza kugeuka njano majani huku gome la shinani likitoa utomvu. Muhogo nao huozea ardhini.

Kuna shimo moja ambalo karibu kila kijiji kinalo na halisemwi. Nyumba ya udongo inapojengwa, udongo huchimbwa hatua chache tu kutoka hapo, na nyumba ikishakwisha shimo hubaki. Masika hulijaza, jua hulipasha, na mbu jike wa Anofelesi hupendelea mno maji ya namna hiyo, machache, yenye jua na yasiyo na samaki. Kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua siku 7 hadi 14, kwa hiyo maji yanayokauka ndani ya siku chache hayana madhara makubwa, lakini yanayodumu wiki mbili yanalea kizazi kizima. Shimo hilo lifukiwe kwa kifusi na taka za majani kabla ya mvua. Nyayo za ng'ombe penye tope nazo hutosha kuwa mazalia. Mbu wa dengi, yule mweusi mwenye madoa meupe, anataka maji safi zaidi na machache zaidi: kifuu cha nazi kilichotupwa kimelala chali kinamtosha. Baada ya kukuna nazi, vifuu viende jikoni kuwa kuni au vifunikwe kifudifudi. Mbu wa Kuleksi yeye hukaa kwenye maji machafu na mashimo ya vyoo, na ndiye mmoja wa waenezaji wa matende na mabusha, magonjwa ambayo pwani yetu imeyajua kwa muda mrefu.

Choo kiwe upande wa chini wa kisima, kwa umbali usiopungua mita 30, na tako la shimo libaki juu ya maji ya ardhini kwa angalau mita 1 na nusu. Sakafu ya choo iinuliwe juu ya ardhi na kuzungukwa na kifusi kilichoshindiliwa, ili maji ya uani yasiingie. Hata hivyo, mita 30 si kinga kila mahali. Karibu na jiji la Tanga, kwenye miamba ya chokaa ile ile iliyozaa mapango ya Amboni, na kwenye matumbawe ya ufukweni, maji hupita katika nyufa bila kuchujwa na udongo, na uchafu husafiri mbali kwa muda mfupi. Wenye visima katika maeneo hayo wasitegemee umbali peke yake. Maji ya kunywa yatibiwe siku zote.

Kuhusu mipaka, mtaro unaopita viwanja viwili ujadiliwe kabla jembe halijaingia, na makubaliano yaandikwe mbele ya uongozi wa kitongoji. Mtaro unaotaka kuungana na wa barabara ya kijijini uombewe idhini TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa sababu kalavati lina kipimo chake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa, kwa hiyo bustani iliyosogezwa mpaka ukingoni ili kufuata unyevu ina matatizo mawili kwa pamoja, ya kisheria na ya mafuriko.

Januari na Februari ndiyo miezi ya kuchimba na kuzibua, kabla ya masika ya Machi hadi Mei. Septemba kwa ajili ya vuli. Maji yakituama kwa wingi, watoto wavae viatu na wasichezee humo, kwani mkojo wa panya kwenye maji kama hayo hueneza homa ya mgunda, iliyothibitishwa mkoani Lindi mwaka 2022. Kisima kilichoingiwa na maji ya mafuriko kisitumike mpaka kitolewe maji yote, kisafishwe na kutiwa klorini kwa kipimo kitakachotolewa na afisa afya wa kata. Hadi hapo, maji ya kunywa yachukuliwe kwingine na kuchemshwa, hata yakionekana maangavu.