Kumtafuta Louisa Jordan, muuguzi asiye na faili jeshini

Wengi wanaoniuliza habari za muuguzi aliyefia vitani huwa wameshapekua kumbukumbu za jeshi la Uingereza na kutoka mikono mitupu. Kwa Louisa Jordan, muuguzi wa Scotland aliyefia Serbia mwaka 1915 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mambo ni hayo hayo, kwa sababu jeshi silo lililompeleka.

Mwaka 1914 Dkt. Elsie Inglis wa Edinburgh alijitolea mbele ya Wizara ya Vita kuanzisha hospitali zitakazoendeshwa na wanawake. Inasimuliwa kwamba alijibiwa arudi nyumbani akatulie. Hakutulia. Vyama vya wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura vikachanga fedha, na Scottish Women's Hospitals ikazaliwa. Wafaransa na Waserbia waliipokea kwa mikono miwili. Jordan alijiunga tarehe 1 Desemba 1914. Basi habari zake ziulizwe kwa waliompeleka, na nyaraka za shirika hilo zimehifadhiwa katika maktaba ya Mitchell Library, Glasgow.

Kuzaliwa kwake hakusumbui. Ni tarehe 24 Julai 1878, mtaa wa Maryhill, Glasgow, kwa wazazi waliotoka Ireland; baba alikuwa mchanganya rangi. Scotland ilianza kusajili vizazi na vifo mwaka 1855, na cheti cha kuzaliwa cha huko hutaja hata lini na wapi wazazi walifunga ndoa. Cheti cha England hakina hilo, na sisi tunaohangaika na koo za pande zote mbili tunajua ni siku ngapi za kazi zinazookolewa na mstari huo mmoja.

Kazi ndiyo ngumu kuifuata. Sheria ya kuwasajili wauguzi Uingereza ilipitishwa mwaka 1919, miaka minne baada ya yeye kufa, kwa hiyo katika daftari la serikali hayumo. Inabidi kumfuata mwajiri kwa mwajiri: nyumba za watoto za Quarrier's wakati wa sensa ya 1901, kisha hospitali ya homa za kuambukiza ya Shotts, mafunzo katika Crumpsall Infirmary huko Manchester, halafu Edinburgh na Strathaven. Mwisho kabisa alikuwa Buckhaven, mji wa pwani ya Fife, akiwa Queen's Nurse, yaani muuguzi anayewafuata wagonjwa majumbani mwao. Taasisi ya Queen's Nurses iliweka daftari lake yenyewe, likionyesha kila muuguzi alisomea wapi na alipangiwa wapi. Kwa mtafiti, daftari hilo lina thamani kuliko medali.

Katika orodha hiyo yote, jina la kuwekea alama ni Shotts. Hospitali ya homa ilimfundisha muuguzi kutenga wagonjwa, kuchemsha nguo na kukaa karibu na mtu anayeweza kukuambukiza. Simulizi nyingi humwita malaika, nami neno hilo huniudhi kidogo, maana linafuta miaka yote ya ufundi. Serbia ilipata mtaalamu wa homa.

Tena ilimhitaji hasa. Desemba 1914 Waserbia waliwafukuza Waaustria baada ya mapigano ya Kolubara, wakabaki na maelfu ya majeruhi na mateka waliojaa chawa. Kikosi cha kwanza cha Scottish Women's Hospitals kwenda Serbia, chini ya Dkt. Eleanor Soltau, kilisafiri kwa meli hadi Salonika, bandari ya Ugiriki, na kufika Kragujevac, mji wa Serbia, mwanzoni mwa Januari 1915. Walikuja na vifaa vya vitanda 100. Wakakabidhiwa wagonjwa wapatao 250. Kisha tifasi ikalipuka. Isichanganywe na taifodi, ile homa ya matumbo: tifasi huenezwa na chawa wa mwilini, jambo ambalo Charles Nicolle alilithibitisha Tunis mwaka 1909. Elimu hiyo ilikuwepo, lakini Serbia haikuwa na sabuni, mashuka wala wafanyakazi wa kutosha kuitumia. Zaidi ya watu 100,000 walikufa nchini humo, madaktari wengi wakiwemo.

Jordan aliandika shajara tangu safarini, na humo tunamwona akiwa hai, si jina kwenye jiwe tu. Katika mji huo huo alikuwapo Mskoti mwingine, Dkt. Elizabeth Ross, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa tifasi katika hospitali ya jeshi la Serbia. Ross alipougua, Jordan alikwenda kumuuguza. Daktari huyo alifariki tarehe 14 Februari 1915, siku aliyotimiza miaka 37. Jordan akachukua wodi mpya ya tifasi iliyofunguliwa katika hospitali yao, akaambukizwa, akafa tarehe 6 Machi, akiwa na miaka 36. Siku mbili baadaye akafuata mwenzake wa kikosi, Margaret Neill Fraser, mchezaji gofu mashuhuri wa Scotland.

Sasa kaburi. Alifia Kragujevac, lakini kaburi lake limeorodheshwa Niš, mji mwingine ulio kusini-mashariki, katika makaburi ya Chela Kula. Jina hilo ni la mnara wa mafuvu uliojengwa na Waosmani kwa vichwa vya Waserbia waliouawa mwaka 1809. Kwa waliofariki vitani, mahali pa kifo na mahali pa kaburi ni maswali mawili, kila moja lina karatasi zake. Na usiishie kwenye kaburi: jina lake limo pia kwenye mnara wa kumbukumbu wa vita wa Buckhaven, mji ambao hakuzaliwa wala kulelewa. Waliomkumbuka huko ni watu aliowahi kubisha hodi kwao akiwa na mkoba wa dawa.

Machi 2020 serikali ya Scotland iliipa jina lake hospitali ya dharura ya korona iliyojengwa ndani ya ukumbi wa maonyesho, Glasgow. Haikulaza mgonjwa wa korona hata mmoja. Ilitumika kwa kliniki za kawaida, mafunzo na chanjo, ikafungwa mwaka 2021. Kwa hiyo ukimtafuta mtandaoni leo, andika na "1915" pembeni ya jina, la sivyo utaletewa ratiba za sindano.