Namba ya Kadi Si Draiva

"Kaka, nimeongeza ID ya kadi kwenye jedwali la r8169, moduli imepanda bila kulalamika, taa ya kebo inawaka, ila hakuna paketi inayotoka. Shida iko wapi, maana draiva si ipo tayari?"

Ujumbe wa namna hii nimeupokea mara nyingi mno, na kila mara nimejibu kwa sentensi mbili tatu za haraka. Safari hii nimeona nijibu kwa kirefu, kwa sababu imani iliyo nyuma ya swali inawapotezea vijana hodari wiki nzima za kazi. Wanaamini kwamba kuingiza kadi ya mtandao kwenye kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ni kuandika namba zake mbili, ya mtengenezaji na ya kifaa, kwenye orodha ya draiva (programu inayoiwezesha kerneli kuongea na kadi), halafu kukompaili.

Kadi ya mwenzetu huyu ni Realtek RTL8125, ya gigabiti 2.5, imo ndani ya kompyuta ndogo anayotaka kuigeuza ruta ya ofisi. Kerneli yake ni 4.19. Amri ya lspci -nn, inayoorodhesha vifaa vya PCI na namba zake, inamwonyesha 10ec:8125. Akafungua msimbo wa r8169, draiva ya Linux ya kadi za Realtek, akakuta 10ec:8168 ya chipu ya zamani, akanakili mstari ule na kubadilisha tarakimu.

Mstari ule kazi yake ni moja. Unaiambia kerneli kwamba ikikuta kwenye basi la PCI kifaa cha mtengenezaji 10ec chenye namba 8125, iite probe ya draiva hii, yaani sehemu inayokikagua kifaa na kukiandaa. Hapo namba imemaliza kazi yake. Kuanzia probe na kuendelea, kila kinachofanyika kinategemea draiva kujua rejista za kadi, yaani visanduku vyake vya amri na hali, ziko wapi na zina maana gani.

Na hapo ndipo alipokwama. Kwenye 8168, rejista ya 0x38 ndiyo ya kupigia hodi: draiva ikishapanga paketi kwenye memori, inaandika pale ili kadi ijue kuna mzigo wa kutuma. Kwenye 8125 mtengenezaji amehamisha mambo. Hodi imekwenda 0x90, na 0x38 imekuwa kinyago cha intarapti (ishara za kadi kwa prosesa), yaani rejista inayochagua matukio yapi yaruhusiwe kumwamsha prosesa. Kwa hiyo kila mara draiva yake ilipopiga hodi, kadi ilisikia amri nyingine kabisa, kuhusu intarapti. Ubaya hauishii hapo. Kinyago cha zamani kilikuwa 0x3c, na kwenye 8125 mahali hapo pamekaa rejista ya hali ya intarapti, ambayo ukiiandikia 1 unafuta tukio. Draiva ilidhani inafungulia matukio, kumbe inayafuta. Taa iliwaka kwa sababu taa haihitaji hata kimoja kati ya hivi.

Chipu hii iliingia rasmi kwenye r8169 katika kerneli 5.4, mwaka 2019. Jibu fupi la swali lake lilikuwa: panda hadi kerneli hiyo au mpya zaidi. Lakini jibu hilo halimfundishi kitu, na kesho atakuwa na kadi nyingine.

Nakubali imani hii haikuzuka hewani. Kuna siku mstari mmoja unatosha kweli. Kampuni inanunua chipu ileile, inaichomea kwenye bodi yake na kuipa namba yake yenyewe. Ndiyo maana jedwali la r8169 lina mistari ya D-Link na Linksys kwa chipu za Realtek. Hapo ongeza namba, jaribu, tuma kiraka (faili la mabadiliko ya msimbo) kwa watunzaji, na hakuna atakayekubishia. Tena huhitaji hata kukompaili ili ujaribu: andika namba hizo kwenye faili la new_id, ndani ya saraka ya draiva chini ya /sys/bus/pci/drivers, na kerneli itaijaribu papo hapo. Watu waliofanikiwa hivyo mara moja ndio wanaoeneza kwamba kazi yote ni hiyo.

Kinachowaponyoka ni kwamba namba ya PCI inakwambia jina ambalo kadi imejiita. Chini ya 10ec:8168 peke yake kuna matoleo chungu nzima ya chipu, ya miaka tofauti, yenye kasoro tofauti. Kwa hiyo r8169 haiiamini ile namba. Probe yake ikishaitwa inasoma rejista ya 0x40, inachomoa humo alama inayoitwa XID, na kwa alama hiyo ndipo inajua inashughulika na toleo gani kati ya makumi inayoyafahamu. Kerneli za zamani zilipokuta XID ngeni zilikisia kwa kufuata familia. Za sasa zinakataa kuendelea, na kwenye dmesg, yaani kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli, utaona neno unknown chip XID pamoja na ombi la kuwasiliana na watunzaji wa draiva. Wengi wanaudhika na kukataa huko. Mimi nakushukuru. Kukisia ndiko kulikozaa ruta zinazoganda saa nane za usiku, bila mtu kujua sababu.

Wale ambao namba iliwakubalia huja na ushahidi mwingine: ping, ile amri ya kuulizia kama mashine nyingine inapatikana, inajibu. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hili linaniumiza kuliko lote.

Kadi na prosesa wanazungumza kwa pete ya deskripta, yaani orodha ya duara kwenye memori; kila deskripta inaeleza bafa moja, kipande cha memori kinachobeba paketi. Kwenye r8169 pete ya kutuma ina deskripta 256, kila moja baiti 16: anwani ya bafa, urefu, na bendera. Bendera kuu ni biti ya 31, ya umiliki. Ikiwa 1, deskripta na bafa yake ni mali ya kadi, prosesa asiguse. Kadi ikimaliza inaigeuza 0, prosesa anachukua chake. Deskripta ya mwisho inabeba biti ya 30, inayoiambia kadi irudi mwanzo wa pete. Sasa piga hesabu. Ping inatuma paketi moja kwa sekunde. Kuzunguka pete yote mara moja kunahitaji sekunde 256, dakika nne na ushee. Aliyepiga ping kumi akashangilia hajafika hata robo ya pete. Kama alisahau ile biti ya mwisho, kadi yake itafika deskripta ya 256, itaendelea mbele, na itasoma memori ya mtu mwingine kana kwamba ni anwani za bafa. Ping haiwezi kukuonyesha hilo. Haiwezi kukuonyesha foleni ikijaa, wala kadi na prosesa wakigusa deskripta moja kwa wakati mmoja, kwa sababu hakuna foleni.

Halafu kuna suala la mpangilio wa maandishi. Lazima uandike anwani na urefu kwanza, biti ya umiliki mwisho. Ukiyaandika kwa utaratibu huo kwenye msimbo, bado hujahakikishiwa kwamba kadi itayaona kwa utaratibu huo. Kompaila anaweza kupanga upya, na prosesa pia. Ndiyo sababu ya kizuizi cha dma_wmb, amri inayolazimisha utaratibu huo, kati ya hatua hizo mbili. Kwenye x86 unaweza kukisahau na mambo yakaenda miezi, maana prosesa hizo hazipangi upya maandishi ya kawaida. Chukua draiva ileile, iweke kwenye bodi ya ARM chini ya mzigo mkubwa, na kadi itaona umiliki kabla ya anwani. Inatuma takataka, au inaandika juu ya data ya programu isiyohusika. Hakuna ujumbe wa kosa. Faili linaharibika mahali fulani, na lawama inakwenda kwa diski.

Kitabu kitakwambia weka kizuizi panapohitajika. Nimeandika draiva kwa miaka, na bado kuna vizuizi viwili kwenye msimbo wangu ambavyo siwezi kuthibitisha kwamba vinahitajika. Niliviweka, foleni ikaacha kukwama, nikaviacha. Pale ambapo foleni inasimamishwa kwa kukosa nafasi huku upande wa pili ukiwa unaifungulia, nimechora michoro ya nani anasoma nini kabla ya nani, na kila nikirudi baada ya mwezi naichora upya kutoka mwanzo. Kuna pia subira ya mikrosekunde kumi baada ya kuiwasha upya kadi, ambayo hakuna hati ya mtengenezaji inayoieleza. Ukifungua r8169 utakuta mafungu ya namba zinazoandikwa kwenye PHY, sehemu ya kadi inayoshughulika na kebo, bila neno la maelezo. Hivyo ndivyo zilivyotoka kwa mtengenezaji. Tunazibeba kwa sababu bila hizo kiungo kinayumba.

Mengine nayataja haraka. Angalia kosa kila unapofanya ramani ya DMA, yaani kuipa kadi anwani ya memori iisome au kuiandika yenyewe. Tumia NAPI, utaratibu wa kerneli wa kuchakata paketi kwa mafungu, usichakate paketi ndani ya intarapti. Famuwea (programu inayopakiwa ndani ya kadi) ikihitajika, iwe kwenye hazina ya linux-firmware, usiibandike ndani ya msimbo. Kiraka kiwe na mstari wako wa saini wa Signed-off-by, kipite checkpatch, skripti ya kukagua viraka, kiende net-next, tawi la mabadiliko mapya ya mtandao, na ujue mlango huo hufungwa kwa wiki mbili za kuunganisha kila toleo.

Na anayeuliza kwa nini watunzaji wanadai majaribio mengi kwa kiraka kidogo, akumbuke mwaka 2008. Wakati wa matoleo ya majaribio ya 2.6.27, kadi za Intel zinazotumia draiva ya e1000e zilianza kufa zenyewe: memori yake ya kudumu iliandikwa ovyo, na kuwasha upya kompyuta hakukusaidia. Lawama ilikwenda kwa draiva. Uchunguzi ulikuja kuonyesha kwamba kosa lilitoka ftrace, chombo cha kufuatilia utendaji wa kerneli, iliyokuwa imehifadhi anwani za msimbo uliokwisha kuondolewa, na baadaye anwani zilezile zikapewa memori ya kadi. ftrace ikaandika pale ikidhani inarekebisha msimbo. Watu walipoteza vifaa kwa kosa ambalo halikuwa hata ndani ya faili la draiva.

Kwa hiyo ukiniletea kadi, niletee pamoja na mstari wa XID kutoka dmesg, matokeo ya saa nzima ya iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, pande zote mbili, na kerneli iliyokompailiwa na CONFIG_DMA_API_DEBUG, inayonasa makosa ya DMA. Katikati ya mzigo chomoa kebo, uirudishe. Ondoa moduli huku paketi zinapita, uipandishe tena. Laza mashine, iamshe. Kama una bodi ya ARM, rudia yote humo. Mwenzetu wa 8125 ameshapanda kerneli na ruta yake inafanya kazi. Juzi amenitumia matokeo ya saa nzima, na kwenye dakika ya 41 kuna ujumbe mmoja wa NETDEV WATCHDOG, onyo la kerneli kwamba foleni ya kutuma imekwama. Usiku huu tunaanzia hapo.