Jani la Pothosi Halitachipua

Juma lililopita mama mmoja aliniletea kitaluni glasi yenye jani moja la pothosi, ule mmea wa ndani unaotambaa, mizizi myeupe imejaa chini ya kikonyo, akaniuliza kwa nini halichipui ilhali amelibadilishia maji kwa miezi minane. Aliambiwa, kama walivyoambiwa wengi waliomtangulia, kwamba jani likishatoa mizizi basi mmea umepatikana. Si kweli, na inanisikitisha kuona mtu mwenye subira kiasi hicho akipotezewa muda.

Kutoa mizizi na kuchipua ni kazi mbili tofauti. Oksini, homoni ya mmea inayotengenezwa na jani, hushuka na kukusanyika kwenye kidonda, na hapo seli za kikonyo huweza kugeuka mizizi. Lakini chipukizi la pothosi hutoka kwenye jicho, na jicho liko kwenye kifundo cha shina. Jani lililonyofolewa bila kifundo huendelea kujitengenezea chakula kwa mwanga, likaishi hata mwaka mzima pasipo kutoa jani la pili. Mkulima wa muhogo hahitaji kufundishwa haya: hupanda pingili zenye macho, hapandi majani. Nilimgeuzia yule mama shina la pothosi nyingine mbele ya dirisha, nikamwonyesha kwenye kwapa la kikonyo kinundu cha kijani kisichozidi punje ya mtama, na upande wa pili ncha ya kahawia ya mzizi wa hewani. Hapo ndipo pa kuangalia, kisha ukate sentimita moja au mbili chini yake. Filodendroni na monstera, mimea mingine ya ndani, ni vivyo hivyo.

Nadhani kinachowapotosha watu ni mimea ya kwetu wenyewe. Saintpaulia, ua la zambarau la milima ya Usambara ambalo Hermann Wendland alilieleza kisayansi mwaka 1893, huzaa miche midogo chini ya jani moja lililochomekwa kwenye mchanga wenye unyevu, kwa sababu seli za jani lake zinaweza kuunda jicho jipya kabisa. Zamiokulka, mmea wa majani yanayong'aa unaoota porini kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, nayo hutoka kwenye jani dogo moja tu: kwanza hutengeneza kiazi, kisha hukaa miezi mingi kabla ya kuchipua, na anayeifukua kila wiki kuichungulia huiozesha.

Sansevieria, ule mmea wa majani marefu yaliyosimama wima, nayo huota kwa vipande vya jani, ila ile yenye kingo za njano hurudi kijani kitupu, na hapo muuzaji hulaumiwa bure. Njano na kijani ni tishu mbili zinazoishi pamoja katika jani moja, na chipukizi linalotoka kwenye kipande hujengwa na zile za kijani. Ukizitaka kingo zake, gawa shina lake la chini ya udongo.

Kuhusu unga wa homoni ya mizizi, vitabu huusisitiza, lakini kwa pothosi sijawahi kuona tofauti inayolingana na bei yake. Na nimewahi kukata vipandikizi viwili kutoka shina moja, kwa kisu kimoja, siku moja, nikaviweka kwenye chombo kimoja. Kimoja kikashika, kingine kikaoza, na hadi leo sina maelezo yanayoniridhisha.