Sanamaki haisafishi tumbo jamani

Wiki hii peke yake nshaisikia mara nne, na Ramadhani hata haijaingia. "Daktari, nimekunywa sanamaki, nasafisha tumbo." (Sanamaki ni yale majani ya kuendesha tumbo. Mie afisa lishe, lakini kwao kila mwenye koti jeupe ni daktari.) Wa mwisho bimkubwa mmoja wa huku Wete, kaja kaegemea mjukuu wake, midomo imemkauka, siku tatu anachemsha majani na tangawizi anakunywa kikombe kizima kila usiku, na vidonge vya presha anameza kama kawaida. Nesi anampima presha iko chini, yeye ananihadithia kwa furaha: "Uchafu ulonitoka mwanangu! Kijani, una utelezi, wa miaka huo!"

Bimkubwa, huo si wa miaka. Kijani ni nyongo, imekimbizwa. Ingepata muda wake, bakteria wa utumbo mpana ndo wanaoigeuza ikawa ile rangi ya kahawia tunayoijua chooni. Utelezi nao ni ute wa utumbo wenyewe, ndo kinga ya ukuta wake, na wewe umeumwaga. Hamna chakula cha mwaka jana kilichoganda huko, ngozi ya ndani ya utumbo inajibadilisha kila siku tatu hadi tano, sasa kitaganda wapi?

Linalonichekesha na kunitia hasira pamoja ni hili: sanamaki yenyewe haifanyi kazi mpaka ifike utumbo mpana bakteria waivunje, yaani unawaomba haohao wakuwashie dawa ya kuwafagia. Na ukiizoea miezi na miezi ukuta wa utumbo unageuka mweusi, ukipigwa kamera unaonekana. Unasafisha huku unapaka masizi! Choo kimekubana, sawa, tumia siku chache uache, ni dawa. Si sabuni.

Mengine haraka haraka. "Bakteria wote maradhi": mwilini mwako wanakadiriwa trilioni 38, wangekuwa maradhi ungekuwa hai? "Nina mafua nipe amoksilini": mafua ni virusi, amoksilini haiwagusi, inakwenda kuua bakteria wa tumboni tu halafu unaharisha. "Vidonda vya tumbo ni pilipili": vingi ni bakteria Helicobacter pylori, Marshall na Warren wamepewa Nobel 2005 kwa hilo, na vingine ni hizo diklofenaki, dawa za maumivu mnazomeza kama peremende.

Sasa ule nini? Mbaazi, kunde, choroko, mchicha, mkate wa mofa. Nyuzinyuzi zake sisi hatuwezi kuzisaga, zinafika chini zima zima, bakteria wanazichachua wanatoa butireti (aina ya asidi ya mafuta), na hiyo ndo inalisha seli za utumbo. Shirika la Afya Duniani linataka angalau gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima, na kwa boflo asubuhi, wali mchana, chipsi usiku, hufiki. Ila anza kidogo kidogo na maji ya kutosha, gesi itakuja mwanzo usinilaumu.

Bimkubwa tumemkorogea ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), nikamwambia akishapata nguvu arudi kwenye mbaazi. Kaniuliza ziwe za nazi au chukuchuku.

Tia nazi bimkubwa, nani kakukataza.