Kwa nini kopi zinagandana kiangazi

Kiangazi kikikolea hapa Mwanza, wenye steshenari hunipigia kwa lalamiko lilelile: fundi, kopi zinatoka zimegandana. Wengine huwa wameshaanika rimu juani wakidhani ni unyevu. Ni kinyume chake, karatasi zimekauka mno.

Karatasi ikipita kwenye rola za mpira, inagusana nazo na kuachana, na elektroni huhama. Kimoja kinabaki na ziada (chaji hasi), kingine na upungufu (chaji chanya). Kwamba chaji tofauti huvutana tulilisoma sote sekondari. Kigumu ni hiki: mbona hata karatasi isiyo na chaji inanasa?

Sugua rula ya plastiki kwenye nywele kavu, isogeze kwenye vipande vya karatasi. Vinairukia. Tuseme rula imepata elektroni za ziada: zinazisukuma elektroni za karatasi, nazo zinasogea kidogo mno, zikiwa bado ndani ya molekuli zake. Upande wa karibu unakuwa chanya, wa mbali hasi. Na umbali ukizidi mara mbili, nguvu ya chaji hubaki robo, kama mwanafizikia Mfaransa Coulomb alivyopima mwaka 1785. Kwa hiyo mvuto wa karibu unaushinda msukumo wa mbali. Jaribu na foili ya jikoni pia: kipande kinarukia, kinagusa, kisha mara nyingi kinatemwa, maana kimegawiwa chaji ileile ya rula.

Masika, karatasi hufyonza maji kidogo kutoka hewani na chaji inavuja kupitia hayo. (Msimu huo mnanipigia kwa karatasi kujikunja, shida nyingine kabisa.) Kiangazi maji hayo ni machache, tena rola ya moto inayoyeyusha tona, ule wino wa unga, inayamaliza. Ziwa kuwa pale chini hakukusaidii ndani ya kibanda cha bati.

Kuiondoa chaji yote haiwezekani, kwani ndiyo inayoinasisha tona kwenye dramu, silinda inayobeba picha kabla haijahamia kwenye karatasi. Chester Carlson, mvumbuzi wa fotokopi, alipotoa kopi yake ya kwanza mwaka 1938, alianza kwa kusugua kwa kitambaa sahani ya zinki iliyopakwa salfa, ili ipate chaji. Kinachotakiwa ni kuimwaga chaji karatasi ikishatoka. Mashine nyingi zina brashi ya nyuzi laini mlangoni kwa kazi hiyo. Ikijaa vumbi au ikinyofoka, haifanyi kitu. Na brashi inategemea eathi, yaani waya unaoipeleka chaji ardhini. Plagi ya pini tatu mliyoilazimisha kwenye ekstensheni ya matundu mawili haina eathi, kwa hiyo anzeni hapo kabla hamjaniita.